Daktari Manong'ono

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Naandika nikiomba ikukute umeamka vizuri, mgongo umetulia na cherehani inazunguka. Sisi huku hatujambo. Wifi yako mzima, na mdomo wake mzima pia. Watoto wanakula kama walioshinda zabuni. Mimi kitambi kimeongezeka na nywele zimepungua, kwa hiyo kwa jumla sijabadilika. Utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu mwenye simu. Vumilia, nitafika huko.

Kazi yangu unaijua, ingawa bado unawaambia majirani kwamba mdogo wako ni daktari. Dada, nakuomba uache. Juzi mmoja kanipigia kuniuliza habari za jipu. Madaktari husema ripoti zao kwenye mashine, nami nakaa chumba cha chini, spika masikioni, mguu kwenye kikanyagio cha kurudisha sauti nyuma, naandika. Wengine husema huku wanatafuna. Majina ya magonjwa nayo ni marefu kama treni la mizigo: behewa la mwisho likipita, la kwanza umeshalisahau. Neno lisiposikika, unalizungukia. Kama daktari alikuwa kwenye goti, huendi kulitafuta kwenye ini. Ukisikia dawa ni ya miligramu tano, unaziacha zote zinazotolewa kwa mia tano. Unapekua kamusi, unaazima sikio la mwenzio. Ukishindwa kabisa unaacha pengo, daktari ajaze mwenyewe. Kubahatisha ni mwiko, maana kuna mtu atakayekimeza ulichobahatisha.

Basi mwaka huu mapengo yangu yakaanza kuzidi. Tulikuwa tumepata daktari mpya wa mifupa, binti mdogo tu, nami nikampa jina la Daktari Manong'ono, kwa sababu alisikika kama anayemsengenya mgonjwa. Nililalamika kila siku wakati wa chai. Wenzangu walicheka, ila sasa nikikumbuka, hakuna aliyeniunga mkono.

Msimamizi wetu tunamwita Bi Nukta. Hajawahi kusamehe nukta iliyosahaulika. Siku moja aliniita, akanionyesha ripoti zangu kazipanga mafungu mawili. Za madaktari wanaume wenye sauti nzito zilikuwa safi kabisa. Za wanawake zilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto anayeng'oa meno. Akaniambia taratibu kwamba madaktari wa kike wanaona nawadharau, na mambo yakiendelea hivyo atanitoa kwenye kuandika anipeleke stoo, nikapange mafaili. Dada, kuandika ndiyo kazi pekee niijuayo. Nilipomsimulia wifi yako nikitarajia pole, akasema hata nyumbani ni vilevile, sauti yake hupotea kila anapotaja takataka.

Kesho yake Daktari Manong'ono akashuka mwenyewe chumbani kwetu. Nilidhani kaja kugomba. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, akaniomba niandike anachosoma. Akasoma ukurasa mzima kwa sauti ileile, nami nikaandika kila neno, hata yale ya mabehewa. Nikapata kiburi, nikamwambia kwamba kumbe akitaka anaweza kusema vizuri. Aliinua faili akafunika mdomo, akaendelea kusoma. Sauti ikapotea kama bomba lililofungwa. Mikono yangu ikabaki hewani. Aliposhusha faili hakuwa anacheka.

"Baba, wewe hunisikii," akasema. "Unanisoma midomo."

Alinipeleka mwenyewe kwa mtaalamu wa masikio, ghorofa ya juu. Wakanifungia kwenye kijumba kidogo, nikaambiwa nibonyeze kitufe kila nikisikia mluzi. Ile mizito niliibonyezea, kisha nikakaa, kidole tayari, nikisubiri waendelee. Mlango ukafunguliwa, nikaambiwa tumemaliza. Kumbe sauti nzito nazipata; nyembamba ndizo zimenihama, polepole, bila kuaga, na wanawake wengi nimewapoteza humo. Wifi yako alipopata habari akasema yeye miaka yote alidhani ni ukaidi. Akanishika mkono. Sijui kama ameufuta huo ukaidi kwenye hesabu zake, lakini sasa akitaka kusema nami hunigeukia kwanza.

Bi Nukta hakunipeleka stoo. Amenipa madaktari wenye sauti za ngoma peke yao, mpaka nizoee vifaa vya kusikia nilivyopewa wiki hii. Ni vidogo kama punje za maharage. Dada, dunia ina kelele! Suruali yangu inachakarika nikitembea. Jana nilijaribu ripoti moja ya yule binti, nikaacha mapengo mawili tu, na mwenzangu akasema hayo hata yeye hayasikii.

Sasa nifike. Ulipopiga simu mwezi uliopita, ulisema jambo kwa muda mrefu. Mimi nilipata maneno mawili tu, "peke yangu". Kisha ukanyamaza, nikajua nimeulizwa. Nikajibu, "Sawa dada, hapana shida." Wifi yako aliponiuliza umesema nini, nikamwambia unatusalimu. Ripoti ya mtu nisiyemjua naogopa kuibahatisha, na dada yangu wa tumbo moja, aliyenibeba mgongoni, nimembahatisha. Sijui kama uliomba kuja kukaa nasi, au ulisema utaweza kubaki mwenyewe, nami nikasema hapana shida. Hilo la pili linaninyima usingizi. Kama ndilo, dada, shida ipo, tena kubwa.

Kwenye simu bado sijiamini. Jumamosi nakuja. Nitakaa mbele yako, utasema tena yote tangu mwanzo, kwa sauti yako hiyohiyo, usipaze. Nisiposikia nitauliza, hata mara kumi. Kama uliomba kuja, jibu langu halijabadilika, na wifi yako ameshaanza kuhamisha masanduku kutoka chumba cha nyuma. Anasema kukitumia au kutokitumia utaamua wewe.

Anakusalimu sana, na watoto wanakuamkia. Uwasalimu na majirani, na yule wa jipu umwambie aende hospitali.

Ni mimi mdogo wako,
asiyesikia la mkuu, ila guu bado zima.