Akala Zangu na Mbuzi Nane

Jumatatu, 5 Novemba 2012. Kakuma
Nimetupa akala tena asubuhi. Chai kwanza, halafu viatu, halafu kukaa kwenye kigoda nikiangalia vumbi ikitembea lagani, kwa mto uliokauka. Viatu zimesema ile mbuzi nyeusi itazaa jike. Zikilala kifudifudi zote mbili, jike. Zikigeuka zote, dume. Moja hivi moja vile, narudia.
Mtupaji kama mimi hakuna mpaka Kaikor. Kuna mwaka niliona mvua kabla mawingu yenyewe kupata habari. Fisi wakinipita wananiamkia, ejok.
Nakiru mke wangu hakucheka. Zamani alikuwa anacheka.

Jumatano, 7 Novemba
Ndugu yangu amekuja. Anataka tunyoe vichwa, tulie, yaishe. Kijana yetu Ekai alienda na ngamia upande wa Lokiriama. Wenzake walirudi. Yeye hapana. Hakuna mtu alimwona akifa. Hakuna mtu alimwona.
Siku ile walirudi nilitupa viatu. Pua zote mbili ziliangalia mlango. Nikasema yuko hai, anarudi. Tangu hapo Nakiru anamwekea maziwa kwa kibuyu yake, hataki mtu aiguse.
Leo ameniuliza kama viatu zinajua kweli ama nilikuwa namtuliza. Nimekasirika. Halafu nimeogopa. Kichwa ananyoa ama hanyoi, inategemea akala.

Jumapili, 11 Novemba
Baada ya kanisa nimeenda kwa Mwalimu. Ni mtu wa Kitale, anafundisha hesabu hapa, mweupe wa meno na mweusi wa utani. Yeye ndiye alinifundisha hii herufi naandika, jioni, pale kanisani. Nimemwambia apime viatu zangu. Nilidhani ataangalia ngozi, kama viatu za watupaji wa zamani. Kumbe zangu ni tairi, na yeye anajua.
Tumekaa kwa mama mmoja wa Sudan Kusini anauza chai. Mwalimu amesema tuanze hivi: tuchukulie viatu ni kipofu. Kipofu akibahatisha dume au jike, anapata kama nusu. Sasa tuone kama zangu zitafanya kitu ambayo kipofu hawezi kufanya kirahisi.
Nina mbuzi nane zenye mimba. Nitasema zote kabla hazijazaa. Nikipata saba ama nane, anaacha ubishi. Sita, hapana. Nimebishana sana juu ya hiyo sita. Akachukua sarafu nane, akazimwaga mezani, tena na tena, mpaka chai ikapoa. Zile ni kipofu kabisa. Sita za upande mmoja zilikuja, zikaja tena. Saba ilichelewa sana. Nane hatukuiona.
Nimekubali. Nimemwambia aanze kutafuta maneno ya kuniomba msamaha.

Alhamisi, 22 Novemba
Nyeusi imezaa jike. Na ile ya pembe moja, dume. Zote nilisema. Nimepita sokoni polepole ili watu wanione vizuri.

Jumamosi, 1 Desemba
Pacha. Dume na jike. Mimi nilisema jike. Nikamwambia Mwalimu hapo nimepata. Akasema hapo umekosa pia. Nikasema basi nimepata mara mbili, maana hata dume nilikuwa namfikiria. Mama wa chai alimwaga maziwa kwa kucheka. Tumeitoa hiyo. Imeingia mbuzi ya jirani mahali pake, nimeitupia viatu mbele ya watu.
Nakiru ameanza kuuliza kila jioni.

Jumapili, 9 Desemba
Tano sawa, moja nimekosa. Ile ya kukosa niliitazama sana. Dume, hana hata aibu.

Jumanne, 11 Desemba
Ndoto ya mchana. Joto ilikuwa inachemsha nchi, milima ya mbali imeinuka juu, inaelea. Ekai alikuwa anatembea katikati ya hiyo maji ya uongo na ngamia zake. Miguu ya ngamia haigusi chini. Nimemwita. Amegeuka pole pole, kama mtu amesikia jina ya mtu mwingine. Hakuwa na viatu.
Kigoda ndiyo mto wangu wa kulalia, nimeamka na alama yake shavuni. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 14 Desemba
Sita sawa, moja makosa. Imebaki moja, ya jirani. Nilisema jike. Nakiru amelala karibu na zizi ya jirani. Ndugu yangu amekuja na wembe mfukoni, namwona anaushika.

Jumapili, 16 Desemba
Dume.
Amesimama haraka, anatetemeka, mzuri sana. Nimemchukia mpaka nikamfuta pua.
Mwalimu alikuja mwenyewe. Hakutania. Nikamwambia basi, viatu ni kipofu, na kijana amekufa. Akanishika mkono.
"Mzee, sikusema viatu hazijui. Nimesema hatujajua."
Akasema sita kwa nane hata kipofu anaweza. Mbuzi ni chache. Ningekuwa na themanini nikapata sitini, yeye angeinama chini. Lakini kwa nane, huwezi kusema zinajua, huwezi kusema hazijui. Na juu ya Ekai, mbuzi hawakuulizwa kitu.
Nilitaka anidanganye. Ni mwalimu mbaya.
Ndugu yangu alitoa wembe. Nakiru alimwangalia mpaka akaurudisha. Halafu Nakiru akachukua akala mavumbini, akaziweka mbele ya miguu yangu, moja moja.
"Baba Ekai, hii viatu si ni ya kuvaa?"

Jumatano, 19 Desemba. Lodwar
Tumefika na lori ya makaa. Mimi na Nakiru, nywele zake ziko kichwani. Nimeosha miguu kwa mto Turkwel, maji ya kahawia, vivuli vya mikoma, hiyo minazi ya huku, vinalala juu yake. Kesho kuna gari ya upande wa Lokiriama. Ikiishia njiani, tutatembea.
Kwa mfuko kuna akala mpya, nimezikata mwenyewe, kipimo cha mguu wa Ekai. Nakiru amebeba kibuyu.
Sijatupa viatu tangu Jumapili. Jua linaingia. Pua za akala zangu zote mbili zinaangalia Lokiriama, kwa sababu miguu yangu iko ndani.