Sufuria Kwenye Msumari

Nyamira,
14 Machi 1971

Kwa Wakesho, mke wa mjukuu wangu Nyamongo,

Salamu. Mimi ni mzima, ng'ombe ni mzima, goti la kushoto si zima lakini halikuhusu. Natumaini wewe ni mzima, na ule mdomo wako pia.

Anayeandika ni Jethro, karani wa kanisa letu, kwa sababu mimi shule niliiona kwa nje tu. Tunaandika Kiswahili kwa kuwa wewe Mtaita husikii Kigusii, na tangu uolewe hujajifunza hata kusema njoo ule. Jethro ameambiwa aandike ninavyosema. Akipamba nitajua, maana akinisomea nitasikia mahubiri.

Nilikuja kwako Kiogoro kwa wema. Wewe ulikuwa mjini kazini, unapiga taipu. Nikaangalia jikoni. Meza ina mafuta mpaka kikombe kinang'ang'ania. Jiko lako la mafuta ya taa, lile jeupe unalojivunia, chai imelimwagikia mpaka likawa na ramani. Nikasema, mtoto wa watu amechoka, ngoja nimsaidie. Jiko nikalisugua kwa mchanga. Meza nikaipiga majivu. Sufuria zako za harusi nikaziloweka katika maji ya majivu ya maganda ya ndizi, yale yale tunayolainishia chinsaga, mboga yetu chungu. Nilikuwa nimekuletea chupa nzima.

Ukaingia. Shikamoo hakuna. Ukaninyang'anya sufuria mkononi, jirani yako Marion akiangalia, ukasema: "Nani amekutuma uguse vyombo vyangu?"

Mimi ndiye niliyemlea mume wako tangu mama yake azikwe. Nimemwosha matako. Leo naulizwa nani amenituma. Niliondoka bila kula, na nimeapa mlango huo sitaukanyaga tena. Ndiyo maana unapata barua na hupati mtu.

Mke mwenza gani wewe, mchoyo hata wa masizi?

Ni mimi mke mwenzio mkubwa,
Bosibori

*

Kiogoro,
2 Aprili 1971

Kwa Nyanya,

Shikamoo. Sisi hapa hatujambo, Nyamongo anakusalimu. Pole kwa goti.

Naomba radhi kwa kutokuamkia siku ile. Kwa mengine siombi.

Sufuria zile ni alumini, Nyanya. Maji ya majivu huzila. Zilikuwa ziking'aa hata ungeweza kujiona uso, na uliponiachia zilikuwa nyeusi ndani kama zimepakwa lami. Mama yangu alizileta mwenyewe kwa treni kutoka Voi, amezipakata mapajani njia nzima, akiogopa zisibonyee. Mwaka uliofuata alikufa. Sina kitu kingine chake.

Nimechemsha maganda ya malimau ndani yake mpaka weusi ukaanza kuachia, kisha nikasugua kwa limau lenyewe na chumvi. Ndogo zimerudi. Ile kubwa imekataa. Jiko nalo hupanguswa kwa kitambaa laini na magadi kidogo kwenye maji ya moto, au siki, basi. Mchanga ni wa kujengea. Sasa limekwaruzwa na kutu imeanza kuingia.

Tena nakuomba usiniite mke mwenzio. Nilifunga ndoa kanisani, na Nyamongo hana mke mwingine. Nimemwuliza maana ya neno hilo, akacheka tu, akaenda kulala.

Mke wa Nyamongo,
Wakesho

*

Nyamira,
20 Juni 1971

Kwa mke wa Nyamongo,

Salamu nimempa Jethro akuandikie, mimi sina.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Kisha nikapeleka ndizi sokoni Daraja Mbili, nikakutana na Marion. Akanunua kichane, akataka kupunguziwa, nikakataa, ndipo akanitolea habari. Kwamba ile sufuria kubwa umeitundika kwenye msumari sebuleni, pale ambapo watu wengine huweka kalenda. Kwamba kila mgeni akiketi unamwonyesha unasema, "Ile ni kazi ya nyanya ya mume wangu." Na wanacheka. Wanawake waliokuwa wakinunua kwangu walisikia yote. Mmoja akaniuliza kama hata ndizi hizi nimeziosha kwa majivu.

Mimi, Bosibori, ambaye nyumba yangu inasifiwa kwa kusiribwa vizuri mpaka ng'ambo ya mto.

Sasa nikufundishe neno, kwa sababu mume wako ni mwoga anayekula nyumba zote mbili na kunyamaza kote kuwili. Kwetu nyanya humwita mjukuu wake wa kiume mume wangu. Kwa hiyo mke wa mjukuu ni mke mwenza. Ni mzaha. Mke mwenzangu naweza kumtukana asubuhi mpaka jioni na wote tunacheka, na akiumwa mimi ndiye wa kwanza mlangoni. Wewe umekataa. Vizuri. Basi sasa nakutukana bila kucheka. Wewe ni mwanamke mwenye sebule safi na roho yenye ukoko.

Nyamongo alikuja Sabato iliyopita, akala, akasema una mimba. Akauliza kama nitakuja siku zako zikifika, nikukande mgongo na kumwosha mtoto, kwa kuwa mama yako hayupo. Nikamwambia malimau yatakukanda. Jethro hapa anatikisa kichwa. Nimemwambia aandike.

Nyanya ya Nyamongo, siyo yako,
Bosibori

*

Kiogoro,
29 Agosti 1971

Kwa Nyanya,

Shikamoo. Natumaini makambi ya kanisa yalikwenda vizuri na goti lilivumilia kukaa kwenye nyasi.

Nimeandika kukueleza kwamba nilikuja. Nyamongo hakunikumbusha kuwa mko makambini. Nilishuka basi, nikapanda mlima na tumbo hili, nikitaka tuseme uso kwa uso, nikakuta mlango umefungwa. Jirani yako Bitutu alinihurumia, akanifungulia nipumzike.

Sikuweza kukaa bure. Nilitoa majivu ya mafigani, nikafagia, nikasugua vikombe vyako vya bati kwa limau mpaka vikang'aa. Kile kibuyu cha maziwa kilichoning'inia juu ya moto kilikuwa cheusi ndani na kinanuka moshi, sijui mlikuwa mkinywaje. Nimekiosha kwa sabuni na maji ya moto, tena na tena, mpaka harufu ikaisha kabisa. Nikakianika. Sasa kinafaa.

Naona tumelingana, na tunaweza kusahau. Nimeacha sukari kwenye kikapu.

Mjukuu wako, ukikubali,
Wakesho

*

Nyamira,
5 Septemba 1971

Wakesho,

Jethro ameisoma barua yako mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani amekosea.

Kibuyu hakioshwi kwa sabuni. Mtoto mdogo wa hapa anajua. Kibuyu kinakunywa. Unachokitia ndicho kinachokaa ndani yake. Kinaoshwa kwa maji ya moto, kinafukizwa moshi wa kuni nzuri, na huo weusi uliousugua ndio dawa inayofanya maziwa yagande matamu yasioze. Umekaa ukausugua na tumbo lako, unasifu mikono yako.

Nilitia maziwa. Yakaganda, nikaonja. Sabuni. Nikakifukiza, nikatia tena. Sabuni yenye moshi. Bitutu ameonja akatema nje, na huyo hutema kwa nadra, maana hula chochote.

Kibuyu hicho alinipa mama mkwe wangu. Mama yake Nyamongo alipokufa, mtoto hakuwa na ziwa la kunyonya. Aliishi kwa maziwa yaliyotoka humo. Huyo mume unayelala naye alinyweshwa na kibuyu hicho, na mimi nilikuwa nakiweka kwa ajili ya mtoto wake. Ndiyo, nilikuwa nimesema siji. Kibuyu nilikuwa nakiandaa hata hivyo. Hilo halikuhusu tena.

Unasema tumelingana. Mimi niliharibu chombo cha mama yako nikiwa sijui ni chake. Wewe ulikuja nyumbani kwa mtu asiyekuwepo. Ulikuja kulipiza, ukaita usafi. Sukari yako nimempa Bitutu. Usiniandikie.

Bosibori. Jina tu.

*

Kiogoro,
17 Oktoba 1971

Shikamoo Nyanya,

Umenikataza kuandika na nimeandika.

Sikulipiza. Kwetu milimani maziwa tunayaweka kwenye chungu au chupa, sikujua kibuyu. Wewe nawe hukujua alumini. Nimefikiri sana maneno ya kuongeza hapo, sikupata.

Sufuria nimeishusha msumarini. Usifurahi, sikuishusha kwa kukusamehe. Marion alikuja na wageni wake, akaisimulia yeye mwenyewe habari yako kabla sijafungua mdomo, akakuigiza unavyotembea na goti lako. Wakacheka. Nikamwambia, "Huyo ni nyanya yetu. Ukitaka kumcheka, nenda ukamchekee mbele yake." Hajarudi. Sasa naipikia maharagwe. Bado ni nyeusi.

Miguu imevimba na tumbo limeshuka. Kila mwanamke hapa ananiuliza nani atakuja kwangu, nami nasema nyanya anakuja. Nimekuwa mwongo wa mtaa mzima. Mama yangu angepanda treni. Mimi sijawahi kumshika mtoto mchanga, sijui hata maji yake yanakuwa moto kiasi gani.

Nyamongo aliniambia niandike kwa upole. Siwezi, na wewe usingeniamini. Njoo, au usije, lakini uniambie, nisikae dirishani nikiangalia kila basi.

Mke mwenzio mdogo,
Wakesho

*

Nyamira,
20 Oktoba 1971

Kwa mke mwenzangu mdogo, mvivu, mwenye miguu kama vigogo,

Salamu utazipata mdomoni. Barua hii anaileta Jethro mwenyewe asubuhi, maana ana shughuli mjini, na mimi nakuja na basi linalofuata. Ningekuja naye, lakini anatembea mbele ya watu kana kwamba amebeba sanduku la sadaka.

Sikiliza. Usiinue kitu. Usisugue kitu. Lile jiko likiwa chafu liache, nataka kulikuta chafu nipate la kusema. Maji ya mtoto nitayapima kwa kiwiko changu, wewe utaangalia tu. Yachemshiwe kwenye ile sufuria kubwa. Kama ni nyeusi kwa sababu yangu, basi ifanye kazi nikiwa naiona.

Nilisema mlango huo sitaukanyaga. Nitapitia wa jikoni.

Nakuletea kibuyu. Sasa ni chako. Maziwa yakinuka sabuni, unywe wewe, mpaka sabuni iishe. Nimechuma pia malimau kwa Bitutu, kapu zima. Utanionyesha hiyo kazi yako kwenye sufuria, nikiwa nimekaa. Ikikubali kung'aa, nitawaambia watu ni majivu yangu yaliyolainisha kwanza, na wewe utanyamaza.

Marion akija kuona mtoto, mwambie aingie. Nitatembea mbele yake taratibu, aone vizuri lile goti.

Toka hapo dirishani, ulale.

Mke mwenzio mkubwa