Maelezo Kuhusu Ukurasa Ulioonyesha Viota vya Kisiwani

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: anajulikana kazini na mtaani kama Mama Kurasa
Umri: miaka 52
Kazi: mpiga picha za vitabu vya kale, maktaba ya umma
Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya maktaba

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Nimechoka, lakini nikikaa kimya sitapata usingizi.

Kazi yangu ni kupiga picha vitabu vilivyochakaa ili watu wavisome mtandaoni bila kuvigusa. Mwaka jana tulipokea kitabu kilichoandikwa kwa mkono na mtu aliyezunguka visiwa vyetu zamani akichora ndege, kasa na popo. Karatasi zilikuwa zinapukutika. Nilizuia pumzi kila nilipofunua, na bado vipande vilibaki mezani. Nilikipenda kitabu kile, sifichi.

Mnamo tarehe 9 mwezi wa pili, saa nne asubuhi, nilimwita mlinzi wa ndege wa kisiwa kidogo aje anisaidie kutambua ndege waliochorwa. Tunamwita Kapteni, ingawa boti yenyewe huwa anaazima. Aliifurahia ile michoro kama mtu anayeonyeshwa picha za jamaa zake. Tulipofika kwa ndege wenye mdomo mwekundu akainama kusoma maandishi. Mwandishi alikuwa ameeleza njia yote: pa kuteremkia, mwamba wa kuzunguka, mpaka kwenye ufa wanamotaga. Ndege hao hawatagi kwingine.

Kapteni akaniambia, "Dada, ukurasa huu uruke. Nakuomba."

Siku hiyo hiyo nilimfikishia mkurugenzi ombi lake. Mkurugenzi si mtu mbaya. Alisema, "Mama Kurasa, sisi hatubanii watu kitabu. Leo tukiruka ukurasa mmoja, kesho tutaruka kumi." Na ndiyo kanuni yetu, tunapiga hata kurasa tupu, hata doa la wino. Nikapiga. Tarehe 20 mwezi huo huo kitabu kizima kikawa mtandaoni, tukapongezana.

Tarehe 15 mwezi huu, mchana, Kapteni alinipigia simu. "Dada, wamekomba. Mayai, makinda, hata wakubwa wamenaswa. Ufa mtupu." Alikuwa analia, mtu mzima yule. Kesho yake nikasikia amekamatwa yeye, eti kwa sababu njia ya kwenye ufa anaijua peke yake.

Afande, hilo lilikuwa kweli zamani. Sasa anaijua kila mwenye simu. Walioiba siwajui na sitamsingizia mtu. Ninachojua ni kwamba Kapteni alituomba tukakataa, na sasa analala sakafuni kwenu kwa jambo tulilolitangaza sisi. Inaniuma, na wala sijui niombe radhi kwa nani kwanza.

Hayo niliyoyasema ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa, na nakubali ni yangu.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Nimeufungua ukurasa uliotajwa kwa simu yangu, mbele ya shahidi. Sijawahi kufika kisiwani, lakini nimeweza kuchora njia mpaka kwenye ufa. Nimemweleza mkuu wa kituo, na mlinzi ameruhusiwa kwenda kwake jioni hii. Baada ya kufunguliwa aliketi kwenye benchi ya mapokezi. Nilimwuliza mbona haendi. Alijibu kuwa hana haraka, huko kisiwani hakuna tena cha kulinda.