Majibu Uliyowakaririsha

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo. Goti la Mama limepoa, na anawasalimu. Salamu ndizo hizo. Sasa nisikilize.

Tangu siku ya majaribio hatujasemezana. Umemwambia Mama kwamba umenisaidia nami nimekununia. Hebu nikueleze ulivyonisaidia.

Unajua nilivyouhangaikia mtaala ule. Nilibishana na jopo zima la mitaala hadi mate yakanikauka, nikiwaambia kwamba watoto wetu wanajua kujibu lakini hawajui kufikiri. Mwenyekiti alinicheka, akauliza, ikiwa watoto watashinda wanafikiri, mwalimu atafundisha saa ngapi. Mwishowe wakakubali tujaribu somo moja, darasa moja. Nikachagua darasa lako kwa sababu nilikuamini. Nawe ulipokuja kulala kwangu ukaupekua mkoba wangu, ukaliona swali la somo hilo, ukaenda kuwakaririsha watoto jibu.

Bahati mbaya yako, asubuhi ile niliamua kuligeuza swali. Badala ya bomba linalotoa maji kidogo, nikawaambia bomba la shule limepasuka, maji yanaingia darasani, tufanyeje? Watoto wakasimama, mikono nyuma, wakaitikia kwa sauti moja: "Tutayagawa maji kwa zamu, tukianza na wadogo!" Nikadhani hawakunisikia. Nikawauliza tena, jamani, madaftari yanaelea, tufanyeje? "Tutayagawa maji kwa zamu!" Na wewe pale pembeni unachezesha midomo pamoja nao. Nikamgeukia msichana wa dawati la mbele, nikamwomba aniambie yeye mwenyewe anaonaje. Akakutazama wewe kwanza. Machozi yakamlengalenga, akaniuliza kama amekosea.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba jopo, lililoketi nyuma ya darasa, lilipiga makofi. Mwenyekiti akasema hayo ndiyo mafunzo, majibu yamenyooka, hata kuyasahihisha ni rahisi. Akataka shule zote zifundishe vivyo hivyo, na wewe uwe mkufunzi wa walimu. Tulipotoka nje ulinikonyeza, ukaninong'oneza kwamba umeniokoa na aibu. Umeniokoa! Umekichukua kitu nilichokiamini, umekinyonga mbele ya macho yangu, halafu unangoja nikushukuru.

Sasa pokea usilolijua. Ule ukufunzi unaousubiri hauji. Jana nilisimama mbele ya jopo nikaeleza yote, kwamba swali liliibwa, na kwamba aliyeliiba ni mdogo wangu wa tumbo moja. Mwenyekiti alinisihi ninyamaze ili mtaala upite. Nikakataa. Basi mtaala umetupwa, nami nimeondolewa kwenye jopo. Mkuu wako wa shule atakuita wiki hii. Usiseme hukuonywa.

Mama analia, anasema nimekuuza. Huenda. Lakini ningenyamaza, watoto wa kila shule wangefundishwa kuitazama midomo ya mwalimu kabla ya kufungua yao, na wangeambiwa huko ndiko kufikiri. Nisingeweza kulala.

Nibusie watoto. Shemeji mwambie sina neno naye. Wewe usije kwanza. Nikikuona sasa hivi nitatamka maneno ambayo hatutaweza kuyafuta.

Ni mimi,
dada yako, nipende nisipende.