Nimefunga Mlango wa Mtandao, Lawama Kabeba Dada

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Ijumaa, maana usingizi umenihama na sina wa kumweleza. Mimi ni fundi wa mtandao hospitalini, wiki iliyopita nilibaki nyumbani na mtoto mgonjwa, nikaingia kwenye seva ya maabara kwa kompyuta yangu, na seva ile ina milango miwili ya mtandao, mmoja wa mashine za maabara, wa pili ndio unaopeleka majibu wodini na ndio ninaopitia mimi nikiwa mbali, basi nikataka kuufunga ule wa maabara dakika moja tu nibadilishe anwani yake, nikaandika amri haraka haraka, namba nikakosea, nikaufunga huo huo niliopitia, kioo kikaganda, nikabaki nje.

Nikampigia mwenzangu wa zamu, ambaye mimi humwita Dada, akasema alikuwa anafagia chumba cha seva, nikajikuta nasema, "Basi umegusa waya." Akahangaika na nyaya saa mbili nzima, wagonjwa wanasubiri majibu, mpaka alipoizima seva na kuiwasha, kila kitu kikarudi. Bosi aliponiuliza nikarudia lile lile la waya. Ijumaa Dada anaitwa kwenye kikao na huenda akafukuzwa kazi.

Shida ni kwamba simwelewi. Badala ya kukasirika ameniomba radhi, eti, "Kaka, nisamehe, nimekuponza, pengine niliugusa kweli." Nani anaomba radhi kwa kosa lisilo lake? Jana kaniletea chai sijamwomba, sikuinywa. Leo anataka nimfundishe amri ya kufunga na kufungua mlango wa mtandao. Kwa nini hiyo, kati ya amri zote? Seva huweka kumbukumbu ya kila nilichoandika, nami nahisi ameshaiona, ananitega tu nijikwae mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Je, niifute ile kumbukumbu, au nimkabili aseme anajua nini?

Fundi Asiyelala

JIBU

Pole kwa kuuguza, fundi, na huruma yangu inaishia hapo. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mtu aliyeomba msamaha, nikamwona mmoja tu, naye ni Dada. Ulikata tawi ulilolikalia. Mafundi wengi wameshafanya hivyo, wakacheka baadaye. Lile lilikuwa kosa la dakika moja. Huu uongo wa wiki nzima ni wa kusudi, na methali uliyonitajia anayestahili kuikumbuka ni yeye, si wewe.

Usifute kitu. Ukifuta, hilo hutaweza kuliita bahati mbaya. Usingoje Ijumaa: kesho asubuhi, kabla hujagusa kazi nyingine, ingia kwa bosi na Dada awepo. Fungua kumbukumbu, weka kidole kwenye mstari ulioandika, useme ni wewe. Utapewa onyo, pengine zaidi ya onyo, lipokee. Halafu mfundishe hiyo amri, siku nyingine asihangaike na nyaya saa mbili, na wewe ushike adabu ya kazi: kabla ya kufunga mlango ukiwa mbali, iagize seva iufungue yenyewe baada ya dakika tano.

Na acha kumshuku. Hakutegi, ndugu yangu. Anakuamini wewe kuliko anavyoiamini mikono yake, mpaka sasa anakumbuka kugusa waya ambao hakuugusa.