Noti Tisa Nilizozitia Plastiki

Mama,

Nisamehe. Miezi minane ni mingi kukaa bila kukuandikia, na sitasingizia kazi wala mtoto, maana wewe pia ulikuwa na kazi na mtoto na barua zako kutoka huku ugenini kwenda Machakos hazikuchelewa. Niliogopa. Kuna kitu nimefanya, na kila nikishika kalamu naona lazima nianze nacho.

Nimezitia plastiki noti zako. Zote tisa. Ile plastiki ngumu ya kupitishwa kwenye mashine ya moto.

Ilikuwa hivi. Mjukuu wako Nduku sasa ana miaka mitatu na hakuna droo asiyoifungua. Asubuhi moja nilimkuta sakafuni na folda yako ya noti magotini, mkono umejaa jemu. Nikamwambia hizo ni za Susu, bibi yako, usiguse. Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba Susu hazitumii tena. Nikamvalisha koti, tukaenda duka la fotokopi pale karibu na kituo cha basi, na nikarudi nyumbani nikijisifu. Nikajiambia, sasa hata akimwaga uji, ziko salama.

Lakini Mama, nilijifunza kwa nani? Cheti changu cha darasa la nane ulikipeleka kutiwa plastiki kabla Baba hajakiona. "Karatasi isiyovishwa haifiki uzeeni," ndivyo ulivyokuwa ukisema. Cheti cha ubatizo, cha kuzaliwa, hata picha ya harusi yako. Ukuta mzima uling'aa. Ningejuaje kwamba hizi peke yake zilitakiwa kuachwa zipumue? Hukuniambia. Nakulaumu kidogo, nivumilie.

Na mimi sikuuliza. Uliponunua ya kwanza nilidhani umechanganyikiwa. Mtu anahudumia wazee, koti moja kwa majira matatu ya baridi mfululizo, halafu ananunua pesa ya Marekani ya zamani isiyonunua hata mkate. Ulianzia kwa yule mzee wa mtaa wa Edgbaston uliyekuwa ukimwogesha, macho yamemwisha, akikuomba umsomee saini za watu kwenye noti zake za aina hiyo. Alitaka kukupa moja ukakataa, kwa kuwa kazini zawadi zimekatazwa. Ukaenda kutafuta yako.

Jumapili baada ya kanisa uliniita mezani. Shika lenzi, tazama hili jani. Jani kabisa, na mishipa yake, limechapwa mgongoni mwa noti ili mwizi ashindwe kuliiga. Na wameandika waziwazi kwamba mwenye kughushi atauawa. "Hawa hawakuwa na mchezo," ulicheka. Kisha ukasema, "Walikuwa koloni la Mwingereza kama sisi, lakini ona, walijichapishia pesa yao." Mimi nilikuwa natazama saa.

Ile uliyoipenda kuliko zote ni ile iliyoraruka katikati, na mtu wa enzi hizo akaishona kwa uzi, kama anayerudisha kifungo. "Huyu alikuwa mama wa watoto," ulisema. "Mwanaume angeitupa."

Mwezi uliopita nilizipeleka kwa muuza noti za kale mjini, nijue tu jina la kila noti nimwandikie Nduku. Alizitazama, hakuzigusa. Akauliza ni nani aliyefanya hivi. Nikasema ni watu wa dukani. Nilidanganya, Mama, noti zako ziko hapo mezani zinanisikia. Akanielekeza kwa dada mmoja anayekarabati karatasi za kale. Yeye alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Alisema karatasi hii ni matambara ya nguo yaliyosagwa, kwa hiyo imeinywa ile gundi ya plastiki. Anaweza kujaribu kuiyeyusha kwa dawa, moja moja. Plastiki ikitoka, sawa. Au wino wa saini utoke nayo. Zikiachwa zilivyo, plastiki itazila polepole.

Iliyoshonwa ndiyo mgonjwa zaidi, anataka aanze nayo. Ila aliona uliibandikia kipande cha karatasi nyuma kuushikilia uzi, na hawezi kuchagua dawa bila kujua ni gundi gani. "Muulize aliyeibandika," akasema. Nilishindwa kumwambia kwamba umeshazikwa.

Nimetafuta, Mama. Kwenye mikoba yako, kwenye Biblia, chini ya kitanda, mifukoni mwa lile koti. Nimepata pini za nywele na tikiti za basi. Daftari lako la kijani, ulimoandika habari za noti, silioni. Juzi nilikaa tu chini hapa chumbani kwako, mtaa wote wa Nechells unaendelea na mambo yake nje, nikashindwa kuinuka mpaka Nduku akaja kunivuta.

Nakuaga sasa, Mama wangu, pumzika. Sitaziuza, sitazitupa, na nakuahidi Alhamisi nitakwenda kwa yule dada hata nikiwa sina jibu. Lakini kama kuna njia yoyote, nitumie haya: gundi uliyobandikia ile iliyoshonwa, kama ni ya dukani au ni ya unga uliyoipika mwenyewe, daftari la kijani, au hata ukurasa mmoja wenye mwandiko wako, mwaka ulioibandika, kama unaukumbuka, na neno moja tu kabla ya Alhamisi saa tatu asubuhi, ajaribu au aache.