Vichupa Vilivyosafiri na Naftalini

Guangzhou

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje na mvua hizi za Bukoba? Na wagonjwa wako, bado wanakuwahi barazani kabla hujanywa chai? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Joto la huku linanata tu, nguo hazikauki.

Anayekuletea barua hii ni Deus, ninayekaa naye chumba kimoja. Mpe kiti chenye mto, ana mshono tumboni. Mshono huo ni kwa sababu yako, na nakushukuru sana, mama.

Tulikuwa tumerudi kutoka viwanda vya Xintang kuchagua jinzi, Deus akaanza kushika tumbo. Wenzetu wakasema ni zile tambi za pilipili, anywe soda alale. Mimi nikajikuta nimekaa kitandani kwake namhoji kama wewe. Lilianzia wapi? Sasa limehamia wapi? Ukilalia upande gani linatulia? Jamaa wakacheka, wakaniita daktari wa pipi. Nikakumbuka ndivyo mji mzima ulivyokuita ulipoanza dawa zako za homiopathi, vile vidonge vidogo vitamu, wakati hakuna mwingine aliyekuwa nazo ila yule sista wa misheni aliyekufundisha. Waliokucheka hawakuwahi kukusikia ukisema, mtu akikuzidi, "Huyu si wangu, mpelekeni hospitali." Nikasema hivyo hivyo, tukaita teksi. Kumbe kidole tumbo. Daktari alisema tungechelewa kidogo kingepasuka.

Tukiwa tunasubiri aingizwe chumba cha upasuaji, nikamuuliza swali lako la mwisho, lile usiloachaga kumuuliza mgonjwa: "Na lile ulilobakiza?" Akakiri kwamba tumbo lilimuanza tangu asubuhi, akanyamaza asije akaachwa na safari ya kiwandani. Halafu akanigeukia, na maumivu yake yale.

"Na wewe daktari wa pipi, umebakiza nini?"

Nikacheka. Lakini mama, nimebakiza.

Vile vichupa vya kioo vya kutilia dawa ulivyoniagiza, ulinisisitiza visafiri peke yake, mbali na harufu kali, maana harufu inaua dawa yako. Mimi nikavichomeka katikati ya robota la jinzi ili nisiongeze boksi. Robota lenyewe nimelijaza naftalini ya kufukuza wadudu, na humo humo kuna makopo ya dawa ya kuchua. Uliponiuliza kwenye simu nikasema viko kwenye boksi lake. Nilijiambia kioo kinaoshwa, mama atajuaje.

Tangu siku ile ya hospitali namkumbuka shangazi alipofungua mafuta yake ya kuchua chumbani kwako. Ulimwaga dawa za kabati zima. Watu wakaja ukawaambia huna kitu, subirini. Nilikuuliza kwa nini, dawa zilikuwa zinaonekana vilevile. Ukanijibu, "Mtu amekuja ameniamini. Nitampaje kitu ambacho mimi mwenyewe sikiamini?"

Kontena lenye robota hilo bado liko majini. Likifika, vile vichupa usitie dawa hata kimoja, mpe mke wangu aweke bizari. Deus amekubebea vingine vipya mkononi, nimevifunga kwenye taulo safi. Nimemkataza kujipaka au kutafuna chochote chenye harufu safari nzima, hata bigijii ya minti. Amenung'unika sana, lakini ameapa. Vinuse mwenyewe kwanza.

Nisamehe, mama. Na asante kwa kunifundisha kumuuliza mtu nikanyamaza nikasikiliza. Sikujua kama nilikuwa najifunza.

Msalimie mke wangu, mwambie magauni yake yapo na hayajakaa na naftalini. Msalimie kaka mkubwa, na shangazi pia, ila usimwambie nimemtaja.

Ukimaliza kusoma nipigie uniulize lile swali lako la mwisho. Safari hii nitakujibu bila kumeza mate.

Mwanao,
Faustine